Lori Linasita Ukikanyaga Mafuta: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Madereva wa Dodoma na Kanda ya Kati

Msimu wa mahindi ukifika Kibaigwa, na alizeti zikianza kutoka Singida, malori yanapakia kweli kweli. Hapo ndipo magonjwa yaliyojificha gari likiwa tupu yanapojitokeza: unakanyaga mafuta, injini haijibu; au inajibu halafu inakatika katikati ya mlima. Wengi wanakimbilia kushusha pampu na nozeli (vinyunyizio vya dizeli), kazi yenye gharama kubwa kuliko zote, kumbe ugonjwa uko kwenye filta, mpira au kibomba cha bei ndogo. Kabla hujamlipa mtu kufungua chochote, tafuta kwanza jibu la swali moja: injini yako inanyimwa dizeli au inanyimwa hewa? Majibu yafuatayo ni ya injini za dizeli, zile za pampu ya kawaida na zile za mfumo wa umeme, yaani zinazoongozwa na kompyuta.

Dereva wangu ananiambia tu "gari halina nguvu". Hiyo inatosha kumpelekea fundi?

Haitoshi. Mwambie akae chini akueleze vizuri. Linasita lini: asubuhi likiwa la baridi, au mchana likishapata moto? Likiwa tupu pia, au na mzigo tu? Linachelewa kuitikia pedeli halafu linaondoka vizuri, au linashtuka-shtuka na kumisi njia nzima? Limeanza ghafla, au limekuwa likififia kidogo kidogo? Linaanza baada ya kujaza mafuta mahali fulani? Fundi mwenye majibu ya maswali hayo ameshafika nusu ya kazi.

Ondoa pia yale yasiyo ya injini. Kama mlio na mzunguko wa injini vinapanda lakini mwendo hauongezeki, hiyo ni klachi inayoteleza. Kama gari ni zito hata kwenye tambarare, shuka ukaribishe kiganja kwenye ngoma za magurudumu bila kuzigusa: ngoma moja yenye joto kali kuliko nyingine ina breki inayoshika. Kuna malori yameshushwa pampu bure kwa sababu ya breki iliyogoma kuachia.

Nianzie wapi?

Anzia kwenye moshi. Hauhitaji spana wala mashine. Gari likiwa na mzigo, dereva akanyage mafuta akipanda kilima, utingo aangalie bomba la ekzosi kwenye kioo.

Nguvu hakuna na moshi mweusi unatoka kwa wingi: dizeli inafika lakini hewa ya kuiunguza haitoshi. Tafuta upande wa hewa, yaani ea klina (filta ya hewa), mipira ya turbo (feni inayosukuma hewa kwenye injini), intakula (kipoza hewa ya turbo), turbo yenyewe na njia ya ekzosi. Nozeli inayomwaga badala ya kunyunyiza nayo inatoa moshi mweusi, lakini hiyo iache baadaye.

Nguvu hakuna na moshi nao hakuna, ekzosi safi kabisa: injini inanyimwa dizeli. Tafuta kuanzia tenki hadi kwenye pampu.

Moshi mweupe wenye harufu ya dizeli inayochoma macho ni dizeli isiyoungua: baridi, kompresheni ndogo, au pampu iliyofungwa nje ya taimingi. Moshi mweupe usio na harufu hiyo, huku maji ya rejeta yakipungua, ni maji yanayoingia ndani ya injini. Usiendelee na safari. Moshi wa bluu ni oili.

Moshi hakuna, nguvu hakuna. Nifuate nini baada ya nini?

Filta ya dizeli kwanza, kila mara. Kama ina kikombe cha kutenga maji, legeza skrubu ya chini umwage kwenye chupa safi ya plastiki na uiache itulie dakika chache. Maji yatakaa chini, dizeli juu, na mstari unaonekana wazi. Ukiona maji au matope, badilisha filta zote mbili, ya kutenga maji na ile ndogo, usibadilishe moja. Filta ya zamani ikatwe ifunguliwe: karatasi yake ikiwa nyeusi na ina utelezi, tenki lako linahitaji kuoshwa, la sivyo filta mpya itaziba tena kabla hujamaliza wiki.

Kisha pedeli. Inaonekana jambo dogo, lakini kwenye gari za pampu ya kawaida waya au fimbo ya mafuta hulegea, na dereva akikanyaga hadi sakafuni mkono wa pampu unaishia njiani. Mtu mmoja akanyage, mwingine aangalie mkono wa pampu kama unagusa kizuizi chake cha mwisho. Injini iwe imezimwa.

Baada ya hapo nenda kwenye tenki. Ndani yake kuna bomba la kunyonya, na mara nyingi kichujio cha waya mdogo kwenye ncha. Tulipokea Fuso lililokuwa likibeba mahindi kutoka Kibaigwa, likizima njiani kila likikaribia Mbande. Dereva akipumzika kidogo linawaka kama halina shida. Ndani ya tenki palikuwa na kipande cha kitambaa, kimelainika kama uji. Injini ikinyonya, kitambaa kinapanda na kuziba mdomo wa bomba. Ikizimwa, kinadondoka chini. Gari linalozima na kupona lenyewe namna hiyo, kagua tenki kabla ya kingine chochote.

Pampu ndogo inayovuta dizeli kutoka tenki ina valvu na mpira au pistoni vinavyochoka. Na kwenye pampu nyingi za zamani kuna kijivalvu cha kurudishia dizeli tenki, chenye springi ndani. Springi ikilegea, presha ndani ya pampu haikai, injini inakuwa nzuri kwenye sailensi (ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta) na kufa mlimani. Ni kipuri kidogo ambacho mafundi wengi hawakikumbuki, na inaniuma kuona pampu nzima inashushwa kwa ajili yake.

Lipo pia la kibomba chembamba kinachotoka kwenye menifoldi ya hewa kwenda juu ya pampu, kwenye injini za turbo. Kazi yake ni kuiambia pampu kwamba turbo imeanza kusukuma, iongeze dizeli. Kikipasuka, au mpira ulio ndani ya kile kichwa cha pampu ukichanika, pampu haiongezi, na gari linapanda kama halina turbo kabisa, bila moshi.

Nitajuaje kama linavuta hewa?

Upande wa kunyonya, yaani kutoka tenki hadi pampu ndogo, tundu halitoi dizeli nje. Linaingiza hewa ndani, kama mrija wa soda uliotoboka: unanyonya lakini unapata hewa. Ndiyo maana dereva anaapa kwamba hakuna mahali panapovuja.

Chukua kipande cha mpira mweupe unaoonyesha ndani, kinachohimili dizeli, ukifunge kabla ya pampu ndogo. Washa injini uangalie. Mwanzoni vitapita viputo vichache vilivyoingia ulipokuwa unafunga; hivyo vitaisha. Kama viputo vinaendelea, na vinaongezeka dereva akiongeza mafuta, hewa inaingia nyuma ya hapo. Rudi nyuma kiungo kwa kiungo: washa za shaba zilizotumika mara nyingi, klipu zilizolegea, mpira uliopauka na kupasuka kwa jua, mfuniko wa filta uliofungwa na ringi ya zamani. Ukiuhamisha ule mpira kiungo kimoja nyuma na viputo vikaisha, umepata mahali.

Dalili nyingine: gari likilala usiku, asubuhi linahitaji kupampuliwa kwa mkono ndipo liwake.

Ukishaziba, toa hewa kwa pampu ya mkono hadi dizeli itoke bila povu. Kwenye injini za mfumo wa umeme usijaze filta ndogo kwa dizeli ya kwenye dumu kabla ya kuifunga, kwa sababu uchafu wote utaingia moja kwa moja kwenye pampu ya presha na nozeli. Tumia pampu ya mkono, hata kama inachosha.

Nikifungua mfuniko wa tenki nasikia "fyuu", kisha gari linapata nguvu. Kwa nini?

Kitundu cha kupumulia cha tenki kimeziba, mara nyingi kwa vumbi lililochanganyika na dizeli. Dizeli inatoka, hewa haiingii, pampu inashindwa kuvuta. Osha kitundu au badilisha mfuniko. Usiendeshe bila mfuniko, wala usiweke mfuko wa plastiki badala yake.

Dizeli ya kwenye madumu ina shida?

Ina shida mbili: maji na mchanga. Dumu limelala juani, limefunguliwa barabarani upepo ukivuma, na huko nyuma huenda lilibeba kitu kingine. Nyongeza ya tatu ni mafuta ya taa. Dizeli ndiyo inayolainisha pampu na nozeli. Mafuta ya taa ni mepesi na hayalainishi vizuri, hivyo vyuma vinasagana. Hutaona leo. Utaona baada ya muda, gari likianza kuwa gumu kuwaka likiwa na moto.

Serikali huweka vinasaba kwenye mafuta ili uchakachuaji ugundulike, na vituo hufanya kazi kwa leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Ukinunua kituoni, chukua risiti na uitunze. Gari likianza kusita baada tu ya kujaza, chukua sampuli kutoka kwenye tenki lako kwenye chupa safi, iandike tarehe na kituo, na upeleke malalamiko EWURA. Bila risiti na sampuli utabaki na maneno tu.

Na tenki lisilale nusu usiku baada ya usiku. Hewa iliyomo ndani hupoa na kutoa unyevu, na maji hayo yanakaa chini ambako bomba linanyonya.

Moshi mweusi unatoka, gari linasita. Vumbi letu linahusika?

Kwa asilimia kubwa, ndiyo. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, takriban Desemba hadi Aprili. Miezi inayobaki ni vumbi na upepo, na ukitoka lami kuingia vijijini Kongwa, Chamwino au Bahi kubeba mazao, lori lako linavuta hewa iliyojaa mchanga laini. Muda wa kubadilisha ea klina ulioandikwa kwenye kitabu ni wa barabara safi. Huku uupunguze, na kagua kiashiria kilicho kwenye bomba la hewa: kikiwa chekundu, filta imeshaziba.

Barabara ya vumbi, usimfuate mwenzako kwa karibu. Mwache aende, vumbi litulie, ndipo upite. Ni ushauri usio na gharama na unaokoa turbo, ringi na filta kwa pamoja.

Ea klina ikiwa safi na moshi bado upo, fuata mipira ya upepo kutoka turbo kwenda intakula na kurudi kwenye injini. Mpira unaweza kuonekana mzima ukiwa sailensi na kufunguka mdomo pale turbo inaposukuma. Pitisha mkono upande wa chini, ambako hakuna anayeangalia. Tafuta alama ya oili nyembamba iliyoshika vumbi, kwa sababu hewa inayotoroka hubeba ukungu wa oili na kuacha doa. Paka maji ya sabuni kwenye maungio, mwenzako akiwa anakanyaga mafuta, utaona povu. Mlio wa filimbi au wa kupuliza unaokuja gari likivuta mzigo ni ushahidi mwingine.

Naweza kupuliza filta ya hewa kwa kompresa? Na kuigonga kwenye tairi?

Kuigonga, hapana kabisa. Unapinda kingo zake, haikai tena sawasawa, na vumbi linapita pembeni bila kuchujwa.

Kupuliza kunawezekana kwa dharura: upepo mdogo usiozidi bar 2, ukipuliza kutoka ndani kwenda nje, mdomo wa kompresa ukiwa mbali na karatasi. Kisha ingiza taa ndani sehemu yenye giza na uizungushe. Ukiona hata kitobo kimoja kinachopitisha mwanga, itupe. Ile filta ndogo ya ndani haipulizwi wala haioshwi. Inabadilishwa.

Turbo imekufa?

Usikubali haraka. Injini ikiwa imezimwa na imepoa, fungua mpira wa kuingilia, shika ncha ya shafti kwa vidole. Kucheza kidogo sana juu na chini ni kawaida. Kwenda mbele na nyuma kwa kiasi unachokihisi vidoleni si kawaida, na mapanga kugusa ukuta wa nyumba yake ni mwisho wake. Angalia pia ncha za mapanga: zikiwa zimelika na kukonda, vumbi limekuwa likipita kwenye filta, kwa hiyo turbo mpya nayo itakufa usipoziba njia hiyo kwanza.

Nimebadilisha ea klina na mipira, moshi mweusi bado, na gari linachemka. Kuna kingine?

Breki ya ekzosi. Ndani ya bomba kuna kipepeo kinachofunga njia ya moshi ili kupunguza mwendo kwenye mteremko. Masizi na kutu vikikikamata kikiwa kimefunga nusu, injini haiwezi kutoa pumzi, na isipotoa haiwezi kuingiza. Utingo abonyeze swichi ya breki hiyo, wewe angalia mkono wa kipepeo kama unarudi hadi mwisho. Kwa walio na silensa iliyogongwa au kuchakaa ndani, hesabu ni hiyo hiyo.

Dar es Salaam linavuta vizuri, likifika Dodoma linachoka. Linaumwa?

Huenda ni urefu wa nchi. Dar es Salaam iko usawa wa bahari. Dodoma iko karibu mita 1,100 juu yake, na hewa ni nyepesi. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100, kwa hiyo ukifika huku umeacha kama sehemu moja ya kumi. Yenye turbo nzima haipotezi kiasi hicho. Ukiona lori lako la turbo linafifia sana kwenye kupanda kutoka Dumila kwenda Gairo, au ukingo wa Bonde la Ufa kutoka Bahi kwenda Manyoni, turbo au mipira yake ndiyo ya kuhojiwa.

Linasita asubuhi tu, Juni na Julai.

Baridi ya Dodoma si kali kwa injini nzima. Kama linatoa moshi mweupe na kumisi dakika nyingi hadi lipate moto, pima kompresheni, kagua valvu kama zimepimwa karibuni, na plagi za moto kama gari lako linazo.

Asubuhi zuri, mchana likishapata moto linasita na kuzima.

Dizeli ikipata joto inakuwa nyepesi zaidi, na pampu iliyochakaa inaivujisha ndani kwa ndani. Tenki likiwa karibu tupu hali inazidi, kwa sababu dizeli inayorudi kutoka kwenye injini inazunguka ikiwa na joto bila kupoa. Jaribu kusafiri mchana tenki likiwa limejaa zaidi ya nusu; likipata nafuu, pampu inaelekea mwisho. Kwenye gari za mfumo wa umeme, sensa ya mzunguko wa injini nayo hugoma ikiwa na moto na kupona ikipoa.

Lori langu ni la mfumo wa umeme. Taa ya injini imewaka na halipandi mzunguko.

Kompyuta imeona tatizo na imepunguza nguvu kwa makusudi ili injini isiharibike. Lipimwe kwa mashine, na kodi (namba za hitilafu) ziandikwe kwenye karatasi kabla hazijafutwa. Anayefuta kwanza ndipo aulize amekupotezea ushahidi.

Kodi haisemi "nunua sensa hii". Ikitaja presha ndogo ya dizeli, filta iliyoziba inaweza kuileta, na hewa kwenye bomba pia. Ikitaja sensa, kagua waya wake, plagi yake na nati za betri na ethi (waya wa betri unaofungwa kwenye chasi) kabla ya kununua. Waya zinazopita karibu na chasi husuguliwa na mtikisiko wa njia mbovu hadi zikabaki shaba tupu. Na gari lililoanza kusita baada ya kuoshwa kwa maji ya presha, fungua plagi zilizolowa uzikaushe.

Fundi analegeza nati za mabomba ya nozeli moja moja kutafuta silinda iliyokufa. Ni sahihi?

Kwa injini za pampu ya kawaida, ni njia ya siku zote: injini ikiwa sailensi, ukilegeza bomba la silinda nzima mlio unabadilika, ukilegeza la silinda mbovu haubadiliki.

Kwa mfumo wa umeme wenye reli ya presha, usimruhusu mtu yeyote afanye hivyo injini ikiwa inaunguruma. Presha humo inazidi bar 1,000 na dizeli inatoboa ngozi na glavu. Jeraha linaonekana kama alama ya sindano, halina damu nyingi, na mtu anaweza kudhani ni dogo. Ndani dizeli inaua nyama, na mkono unaweza kukatwa. Likitokea, nenda hospitali kubwa saa hiyo hiyo, kama uko Dodoma mjini ni hospitali ya mkoa (General) au Benjamin Mkapa, na umweleze daktari kwamba ni dizeli ya presha imeingia chini ya ngozi. Usisubiri uvimbe.

Fundi anataka kufungua skrubu ya pampu iongeze dizeli ili gari lipate nguvu.

Mkatalie. Kama hewa haitoshi, dizeli ya ziada inazidisha moshi na joto tu, na joto hilo linayeyusha vichwa vya pistoni.

Nimefanya yote hayo. Sasa pampu na nozeli zishushwe?

Sasa ndiyo. Zipelekwe kwa fundi wa pampu mwenye mashine ya kupimia, na uombe vipimo vya kila nozeli kabla na baada ya matengenezo. Nozeli zichorwe namba ya silinda zikitolewa. Vipuri vya zamani urudishiwe mkononi.

Limeanza kusita nikiwa katikati ya mlima Sekenke na mzigo. Nifanye nini?

Usijaribu kumpita mtu, hata kama aliye mbele anatambaa. Shuka gia mapema kabla injini haijalemewa, washa taa za hatari, na utafute mahali pana pa kusimama ukiwa bado una mwendo. Likikataa kabisa, breki ya mkono, utingo ashuke na kigingi nyuma ya gurudumu kabla ya kitu kingine, kisha pembetatu ziwekwe mbali mbele na nyuma. Usirudi nyuma kwa kuliachia, na usishuke mteremko gia ikiwa huru.

Ukishasimama salama: legeza mfuniko wa tenki usikilize, mwaga maji kwenye filta, pampu kwa mkono ukihisi kama inakuwa ngumu, pitisha mkono kwenye mipira ya turbo ikishapoa, na angalia kiashiria cha ea klina. Beba filta mbili za dizeli, klipu za akiba, mpira wa dizeli wa mita moja na spana zake. Mawe ya kigingi yaondolewe barabarani kabla hujaondoka, maana anayekuja nyuma usiku hatayaona.